Madam wa Macho na Harusi ya Nzi

Niliwaozesha nzi wa Madam bila mahari, bila mchungaji na bila ruhusa ya mtu yeyote. Nilichomoa pamba kwenye mdomo wa chupa, nikamimina ndani nzi niliowakamata kwenye ndizi za mama, nikarudisha pamba, nikaondoka napiga mluzi. Nilikuwa kidato cha tatu. Nalisema hili mapema msije mkadhani namwandika Madam kwa sababu mimi ni mtoto mzuri. Mimi ni mtoto mwenye wivu, na mpaka leo sijapona.

Shule nzima tulimwita Madam wa Macho. Alifundisha baiolojia, na nyumba yake ilikuwa jirani na yetu hapa Katesh, tumetenganishwa na uzio wa minyaa na kuku wasiojua mpaka. Alizaliwa wapi, sijui. Kwetu mtu akihamia anaulizwa ukoo kabla hajashusha godoro. Yeye wazee walipomuuliza alisema, "Mimi ni wa jamii ya wenye uti wa mgongo," na wazee wakaitikia kwa heshima zote, wakidhani ni ukoo fulani wa kule Karatu. Mzee mmoja hata alisema amewahi kufanya nao biashara ya ng'ombe.

Kila Ijumaa Madam alipitia buchani kabla ya paredi. Akifika maabara anatandika gazeti mezani, anapanga macho. Jicho la mbuzi, jicho la perege, kichwa cha panzi, konokono mzima mwenye vijicho juu ya pembe, na kwenye kisosi mnyoo bapa mmoja kutoka kijito, ambaye macho yake ni vidoa viwili tu, kama mtu amegusa kwa ncha ya kalamu. Wageni wa wizara walipopita siku moja, mmoja alitoka nje haraka sana. Alisema anapokea simu.

"Jicho la mbuzi na la panzi yanafanana nini?" Madam anauliza.

"Hayafanani, Madam."

"Angalia tena."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukimwambia chumvi imekwisha dukani, angalia tena. Ukimwambia umefeli, angalia tena. Mkuu wa shule alimwambia mwezi huu hakuna posho, na yeye akamjibu vilevile, kwa upole, huku amekaa.

Tukishaangalia mpaka shingo zinauma, ndipo anasema. Kwamba ndani ya mbuzi, panzi, ngisi wa baharini na sisi tulioketi pale kuna jeni moja, na kazi yake ni kama msimamizi anayefika kiwanjani na kusema, hapa pawe na jicho. Halisemi jicho la namna gani. Agizo hilo ni la zamani kuliko mifupa, tumelirithi sote kutoka kwa kiumbe mmoja mdogo sana wa baharini, ambaye pengine alijua mwanga na giza tu, basi. Halafu kila ukoo ukaenda zake, ukajenga jicho lake kwa muda wake.

"Kuna wataalamu," alisema, "walichukua agizo hilo kwa panya, wakalifanya lifanye kazi kwenye mguu wa nzi. Mguu ukaota jicho."

Darasa zima, "La panya?"

"La nzi. Agizo limetoka kwa panya, lakini fundi ni nzi. Fundi hujenga anachojua."

Mimi nikanyoosha mkono. "Madam, je, wakiliweka agizo hilo kisogoni kwa mwalimu wa nidhamu? Si tutakoma?"

Darasa lilianguka. Madam hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama mnyoo kwenye kisosi. "Agizo likiwa limetoka kwa nzi, ataota jicho la nani?"

Nikafikiri. "La mwalimu wa nidhamu."

"Sio mbaya," alisema.

Ninyi hamuelewi. "Sio mbaya" ndiyo ilikuwa sifa yake ya juu kabisa. Aliyeongoza mkoa katika baiolojia, miaka kabla yetu, alipata "sio mbaya". Niliishi kwa neno lile muhula mzima. Nilikuwa nikipiga mswaki najisemea.

Na mimi nilikuwa na haki naye, hivyo ndivyo nilivyoona. Nilimjua tangu nikiwa darasa la pili. Mimi ndiye niliyekuwa namfukuzia kuku, namtekea maji, nampelekea ndizi zilizoiva kupita kiasi. Jikoni kwake kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, na kigoda kile kilikuwa changu. Nikikaa pale alinipa lenzi ya mkono na kitu chochote alichookota njiani, bawa, ganda, mbegu yenye miiba, halafu anaendelea kupika kana kwamba sipo. Baada ya muda anauliza, "Umeona nini?" Nikimwambia kitu cha kuchekesha ananyamaza. Nikimwambia kitu cha kweli ananiongezea chai.

Alikuwa mtu wa ajabu, tuseme ukweli. Maabara alikuwa hataki mtu aue hata nzi mmoja bila sababu, ila kwake alikuwa anawapiga kwa kandambili huku anaimba tenzi za kanisani. Macho ya mbuzi alikuwa anayashika kwa vidole vitupu, lakini supu ya kichwa hakunywa. Mama alimpelekea bakuli siku ya Krismasi, akashukuru sana, akasubiri mama avuke uzio, akanipa mimi. Kanisani alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya. Paulina wa kidato cha nne, aliyependa kubishana, akamuuliza kama hayo mambo ya mnyoo na sisi kuwa ndugu Mungu anayajua. Madam akasema, "Mimi sikuwepo akifanya kazi. Nimeikuta kazi. Naiangalia." Jumapili iliyofuata aliimba kwa sauti kubwa zaidi, sijui alikuwa anamjibu Paulina au anamsisitizia Mungu mwenyewe.

Alikuwa mkali wa muda, mtu akichelewa dakika moja anabaki nje. Lakini matope ya mlima ulio juu yetu yaliposhuka na kubeba nyumba za Jorodom, mtu huyohuyo alisahau saa wiki nzima. Nyumba yake ilijaa watu na watoto wao, meza ya macho ikawa meza ya sahani. Alipika uji asubuhi, mchana na jioni, uji mbaya, una mabonge. Hakuna aliyemwambia. Hata mimi sikutania, na kwa mimi hiyo ni rekodi.

Mama hakumpenda wala hakumchukia. Mama anauza ndizi mbivu sokoni na siku za mnada. Zile zilizolegea anazitenga kwenye beseni la bluu kwa ajili ya Madam, hajawahi kumdai. Lakini hakuwahi kusema "Madam". Alisema "Madam wako".

"Mpelekee Madam wako ndizi zake."

"Madam wako anakohoa, nenda ukaone."

"Mimi nikikuambia uoshe sufuria huna masikio. Madam wako akifungua mlango tu, huyo, umeshavuka uzio kama mbuzi."

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Kwetu kutania ni kazi yangu, lakini nilijua lazima nimerithi mahali.

Basi, kidato cha tatu ndipo akaja Marselina.

Alitoka Gehandu, na kwao ni mbali, hivyo Madam akampa kitanda kwake. Nilivuka uzio jioni ile na beseni la bluu, nikamkuta amekaa kwenye kigoda. Changu. Amepaka mafuta usoni anang'aa kama sufuria mpya, ana lenzi mkononi.

"Shikamoo Madam," nikasema. "Na wewe, mambo."

"Poa. Wewe ndiye yule mchekeshaji?" Marselina akauliza. "Haya, chekesha."

Jamani. Hilo si jambo la kumwambia mtu. Nikaanza hadithi yangu ya mwalimu wa nidhamu na punda, ambayo haijawahi kunitupa. Kabla sijafika mwisho, Marselina akaumalizia mwisho wenyewe, na wa kwake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Madam akacheka. Madam! Miaka yote ile nilidhani meno yake huonwa na daktari tu. Nilirudi nyumbani na beseni tupu, nalipiga goti njia nzima.

Angekuwa mpole, au mjinga, au anaringa, ningepata pa kushika. Lakini alikuwa mcheshi, mvivu wa kufua, anakopa kalamu harudishi, na kila mtu alimpenda. Hata kuku wa Madam walikuwa wanamfuata.

Halafu nzi wakaja. Mwanafunzi wa zamani wa Madam, aliyekuwa anasoma chuo kikuu, alimletea chupa ndogo imefungwa pamba. Ndani kulikuwa na nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi, ila hawa hawakuwa na macho. Ungewaangalia kwa lenzi, pale ambapo nzi wa kawaida ana jicho jekundu kama taa ya nyuma ya bodaboda, hawa palikuwa patupu, wengine na kijialama tu. Jeni lilelile la msimamizi, Madam alisema, kwao limeharibika sehemu. Msimamizi hafiki kiwanjani. Hakuna anayesema hapa pawe na jicho.

Madam aliishika chupa ile kwa mikono miwili. Alikuwa amefundisha jambo hilo kwa mdomo maisha yake yote, na sasa liko mkononi linatambaa. Akasema atahitaji mwanafunzi mmoja wa kuwatunza. Kupika chakula chao cha unga wa mahindi na ndizi, kubadilisha chupa, kuwaangalia alfajiri, maana Julai hapa chini ya mlima baridi ni kali, nzi wanalegea wenyewe na unaweza kuwapanga kwenye karatasi kama punje. Na mwishoni, huyo mwanafunzi ataenda nao Babati kwenye maonyesho ya sayansi ya shule.

Nilishajiona Babati. Nilishajichana nywele.

"Marselina," akasema Madam.

Ndizi, nawakumbusha, zilikuwa zetu.

Siku tatu nilikuwa siongei, mama akadhani naumwa akanichemshia majani. Ya nne nilikaa nyuma ya nyumba, karibu na rundo la ndizi za mnada, nikashika chupa ya maji iliyokatwa, nikawinda. Nzi wa mama ni wengi na hawana aibu. Saa ya chakula, maabara ikiwa tupu, nikafanya ile harusi niliyowaeleza. Nilitaka Marselina aangalie alfajiri akute vurugu, alie, Madam aseme huyu hafai. Mpango wangu wote uliishia hapo.

Wale madume wa kwetu hawakungoja kutambulishwa. Wana macho, wanaona majike. Madume wa chuoni walikuwa wanapapasa ukuta wa chupa. Nilichungulia kwa dirisha nikaona aibu kidogo, nikaenda kula.

Kwenye baridi ile hata nzi hawana haraka. Zikapita wiki, na Marselina alibadilisha chupa bila kuwatia wakubwa kwenye lenzi. Kisha asubuhi moja Marselina akapiga kelele mpaka mpishi akatoka na mwiko. Watoto wapya wa wale nzi vipofu, karibu wote, walikuwa na macho. Mekundu, makubwa, mazuri.

Habari ilifika vyooni kabla ya kengele. Kikundi cha maombi cha kidato cha nne kikadai ni kazi yao, kwamba wiki ile walikuwa wameombea mtihani na baraka imetua kwa jirani. Mpishi aliomba aletewe chupa aiguse, ana mtoto wa jicho. Marselina alilia kweli, amekaa chini, sketi imejaa unga. "Nimeharibu nzi wa watu," alikuwa anasema. "Nimewaharibu wote." Na mimi niliyengoja kilio kile niligundua hakina utamu niliopanga. Lakini sikusema kitu. Nilitania kuhusu mpishi.

Madam aliingia, akainama kwenye lenzi. Muda mrefu. Akainuka, akatutazama mmoja mmoja, na kwangu alikaa kidogo.

"Angalia tena," alimwambia Marselina. "Futa kamasi kwanza."

Wakachukua wenye macho, dume na jike, kila jozi ikapata chupa yake. "Tusubiri wajukuu," alisema. Na wajukuu walipotoka, kwenye baadhi ya chupa, kati ya nzi wenye macho mazuri, wakaonekana tena wachache wasio na macho. Wazazi wana macho, watoto hawana.

"Lile jeni bovu halikupotea," Madam alisema. "Lilikuwa limekaa kimya ndani ya wanaoona."

Mnaelewa kilichotokea? Kuharibu kwangu ndiko kulikofanya lile jaribio liwe jaribio. Chupa ya nzi vipofu peke yake ni maonyesho tu, watu wanasema ooh wanapita. Sasa walikuwa na babu, baba na mjukuu, walikuwa na hadithi. Na hadithi ilikuwa ya Marselina. Dhambi yangu ilienda Babati, ikapata cheti, kikatundikwa ofisini kwa mkuu wa shule, na jina langu halimo. Nani amewahi kuonea wivu kosa lake mwenyewe?

Siku ile ya safari ya Babati, gari lililowabeba Madam na Marselina lilisimama mbele ya nyumba yetu. Likapiga honi. Likapiga tena. Nilikuwa kitandani na shuka mpaka puani.

"Madam wako yuko nje," mama akasema.

"Anataka ndizi. Mwambie sipo."

"Hajasema ndizi. Amesimama tu."

"Mama, sipo."

Mama alitoka, sikusikia walichosema. Gari lilisubiri kidogo, halafu likaondoka. Nilijua kabisa kwamba alitaka nimwone Marselina amekaa mbele na chupa mapajani, na sikutaka kumpa nafasi hiyo.

Mwaka uliofuata Madam akahamishiwa shule moja upande wa Mbulu. Marselina alirudi kwao, sasa anasoma mahali pengine, na ananitumia vichekesho kwenye simu. Ni vizuri bado. Mimi niko kidato cha tano, na likizo hii mama alijaza beseni la bluu, akalifunga kwa khanga, akasema, "Madam wako atakuwa anazikosa." Nikapanda basi la asubuhi.

Mbulu ilikuwa na ukungu. Nilimkuta jikoni kwake, amekonda kidogo, amevaa sweta juu ya sweta. Na kwenye kigoda, kilekile cha miguu mitatu, amekaa mtoto wa jirani, darasa la pili hivi, kamasi mpaka mdomoni, lenzi jichoni.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Umerefuka." Akamgeukia yule mtoto. "Msalimie kaka."

"Shikamoo kaka," mtoto akasema bila kuinua kichwa. Alikuwa anaangalia mguu wa panzi. Wangu ule. Yaani, wa namna niliyokuwa napewa mimi.

Wivu uleule ukarudi, kwa mtoto mwenye kamasi. Nikajua nisiposema leo sitasema tena.

"Madam, wale nzi wenye macho..."

"Wa mama yako."

Nikaweka beseni chini.

"Wa kwangu walikuwa wembamba, kama wanafunzi wa bweni," akasema, anakoroga chai. "Hawa walikuwa wameshiba. Na Katesh nzima Julai ile, ndizi mbivu kiasi kile zilikuwa kwa nani?"

"Ulijua, na hukusema?"

"Majaji Babati waliuliza hawa wenye macho wametoka wapi. Lilikuwa swali zuri kuliko yote. Nilimkataza Marselina asilijibu. Nilikuwa nimekuhifadhia." Akamimina chai. "Na kiti. Dereva alinung'unika mpaka Dareda kwamba tumepoteza muda kwenye nyumba ya watu waliolala."

Sikuwa na utani hata mmoja. Nikauliza lile nililolibeba miaka yote. "Kwa nini ulimpa yeye tangu mwanzo? Mimi ndiye niliyekuwa naangalia tangu darasa la pili."

Akaweka birika chini, akanigeukia.

"Wewe unamwangalia anayekuangalia," alisema. "Ukiona hakutazami, unachoka. Wale nzi wasingekutazama kamwe."

Mtoto akacheka. Sidhani alielewa, alicheka tu, lakini niliumia. Madam aliniongezea chai. Tulikaa hivyo mpaka saa ya basi. Kwenye kuagana alifungua khanga, akaziangalia ndizi moja moja, akasema mama hajawahi kumpa mbaya, nimfikishie.

Nilifika nyumbani jua linazama. Mama alikuwa uani anachambua ndizi za mnada, ngumu huku, mbivu huku, nzi wamemzunguka. Nikakaa chini nikamwambia yote, tangu pamba ya chupa, honi, mpaka mtoto mwenye kamasi. Sikuruka kitu na sikutania. Alisikiliza huku mikono inaendelea. Nilipomaliza akaweka ndizi aliyoishika kwenye beseni la bluu, akasema hivi, neno kwa neno:

"Nilikuona siku ile ukiwakamata. Nikanyamaza. Nikadhani sasa mwanangu ameanza kuangalia vitu vyangu pia."